Subaru Forester: dalili, vyanzo vyake, na miito ya usalama ya kuangalia kwanza

Forester nyingi zinazotembea Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa au Kampala zilianzia Japani na kufika huku zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa. Miaka hiyo ya kwanza ndiyo kiwanda hutoa miito mingi ya kurejesha magari, na barua ya mwito hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa kule. Gari likishapakiwa melini, barua hazimfuati mnunuzi. Ndiyo maana fundi hukutana na hitilafu ambayo kiwanda kilishaijua, kikaieleza na kuitengenezea kipuri, lakini yeye anaanza kukisia: plagi mpya, koili mpya, halafu gia boksi inafunguliwa. Mwongozo huu unafuata dalili, unataja chanzo kinachojulikana na namna ya kukithibitisha kabla ya kutoa pesa.

Kabla ya kushika spana

Soma namba ya chesisi kwenye kadi ya gari, kisha ilinganishe na kibati kilicho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Gari la soko la Japani lina namba fupi inayoanza na herufi za toleo: SG5, SH5, SJ5 na kadhalika. SG ilitoka 2002 hadi 2007, SH ikaanza mwishoni mwa 2007, SJ mwishoni mwa 2012, na SK mwaka 2018. Tofauti hizi zina uzito, kwa sababu ugonjwa wa SH ya 2008 hauko kwenye SH ya 2011 ingawa kwa macho ni gari lilelile.

Jambo la pili ni injini. SG na SH za mwanzo zina injini za familia ya EJ, zenye mkanda wa taiming. Kuanzia mwishoni mwa 2010, SH zisizo na turbo zilipewa familia ya FB, yenye cheni. Kuzitofautisha hakuhitaji kufungua chochote: ukiinua boneti ukaona filta ya oili imekaa juu, upande wa mbele wa injini, hiyo ni FB. Kama filta iko chini na lazima uingie uvunguni kuifikia, ni EJ.

Sasa tafuta miito. Tovuti ya Subaru ya Japani ina ukurasa wa kutafuta kwa namba ya chesisi. Unaingiza herufi za toleo na namba inayofuata, nayo inaonyesha mwito uliopo na kama kazi imefanyika. Ukurasa uko kwa Kijapani, lakini kitafsiri cha simu kinatosha. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, inakubali namba zenye tarakimu na herufi 17 tu. Ukiingiza SH5 yako pale haitasoma, na wengi hapo huhitimisha kuwa gari halina mwito. Hitimisho hilo si sahihi: umetafuta mahali pasipohusika.

Kama bado hujanunua, wakati mzuri kuliko wote ni gari likiwa bado Japani. Mtumie muuzaji namba ya chesisi, umwambie unataka miito yote iliyo wazi ifanyiwe kazi kabla ya kupakia, na akutumie karatasi ya karakana. Kule kazi hiyo ni bure. Ukaguzi wa ubora kabla ya kusafirisha hutazama breki, taa, kutu na hali ya jumla, kwa hiyo cheti chake usikichukue kama ushahidi kwamba miito imefungwa. Kama gari limeshafika, mwandikie wakala wa Subaru wa nchi yako kwa maandishi, ukiambatisha namba ya chesisi na picha ya ukurasa wa majibu. Huenda akasema gari hakuliuza yeye. Hata hivyo, kwa mifuko ya hewa na breki, usikubali jibu la mdomo.

Hitilafu isiyo na dalili: mfuko wa hewa wa abiria

Hii tunaitanguliza kwa sababu ndiyo inayoua na haiwashi taa yoyote. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata ilitumia kijazio chenye vidonge vya amonia nitrati visivyo na kikaushio. Joto likipanda na kushuka kwa miaka, na unyevu ukipenya, vidonge hivyo huharibika na kuwa na vitundu. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, shinikizo linapasua kikopo cha chuma, na vipande vinarushwa usoni na shingoni mwa aliyekaa mbele yake. Marekani peke yake vijazio takriban milioni 67 viliitwa, na Takata yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2017.

Kwa upande wa Forester, soko la Marekani liliita magari ya mwaka wa modeli 2009 hadi 2013 kwa mfuko wa abiria wa mbele, yaani kizazi cha SH. Mwenye SH yoyote anapaswa kuangalia namba yake. Hatari hukua zaidi kwenye joto na unyevu mwingi, ndiyo maana Marekani ilitanguliza majimbo ya kusini yenye hali hiyo. Mwenye gari aliyeko Tanga, Zanzibar au Mombasa anaishi katika hali ya hewa ya namna ileile, na hana sababu ya kusubiri. Japani nayo, tangu Mei 2018, magari yaliyo kwenye kundi la hatari kubwa na ambayo hayajarekebishwa hayapitishwi kwenye ukaguzi wa lazima wa serikali.

Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi haikusaidii hapa. Inapima umeme, haipimi hali ya vidonge. Fanya hivi:

Tafuta namba ya chesisi kama ilivyoelezwa. Ikiwa mwito uko wazi, kiti cha mbele cha abiria kisikaliwe mpaka kijazio kibadilishwe. Usimruhusu fundi wa mtaani kukifungua, maana ni kilipuzi. Usinunue mfuko wa hewa uliotolewa kwenye gari bovu: mara nyingi unatoka gari la rika lilelile, na unaweza kuwa unanunua kijazio kilekile kilichoitwa. Na ukilipa mtu, hakikisha amebadilisha kijazio chenyewe. Kufuta msimbo na kubandika stika si matengenezo.

Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kweli

Hilo ni tatizo jingine. Chanzo cha kwanza cha kuangalia ni soketi za njano chini ya viti vya mbele. Watu husukuma mizigo chini ya kiti, waosha magari huvuta mazulia, soketi inalegea. Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri angalau dakika moja, kisha chomoa na uchomeke tena mpaka isikike ikifunga. Kamwe usipime waya za njano kwa multimita: mkondo mdogo wa kipimo unaweza kufyatua mfuko.

Kwa SJ kuna jambo mahususi. Mwaka 2019 Subaru iliita Marekani zaidi ya Forester 360,000 za 2015 hadi 2018 zenye kiti cha abiria cha kupashwa joto. Soketi ya sensa inayotambua kama kiti kina mtu ilikuwa inalegea kutokana na mwendo wa miguu ya abiria. Dalili ni taa ya mfuko wa hewa kuwaka, na taa ya kuonyesha kwamba mfuko wa abiria umezimwa kuwaka huku mtu mzima amekaa. Maana yake ni kwamba akigonga, mfuko wake hautafunguka.

Taa za breki haziwaki, gari halitoki P, au kitufe cha kuwasha hakifanyi kazi

Dalili hizi tatu zinaonekana hazihusiani, na ndiyo sababu watu hubadilisha betri na funguo kwanza. Zote zinaweza kutoka kwenye kipande kimoja kidogo: swichi ya taa za breki iliyo juu ya pedali. Kompyuta ya gari inategemea swichi hiyo kujua kuwa umekanyaga breki. Isipopata taarifa, inakataa kuwasha injini kwa kitufe, inakataa kufungua gia kutoka P, na mara nyingine inawasha taa ya VDC (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze).

Mwaka 2019 Subaru iliita takriban magari milioni 2.2 duniani kwa tatizo hili, yakiwemo Forester za 2014 hadi 2016 za soko la Marekani pamoja na Impreza na Crosstrek za miaka ya karibu. Chanzo ni mvuke wa silikoni unaotoka kwenye bidhaa kama dawa za kung'arisha, vipodozi na vilainisha nguo. Mvuke unapenya ndani ya swichi, na cheche ndogo za kila unapokanyaga zinaugeuza kuwa tabaka lisilopitisha umeme juu ya viunganishi. Spirei za kung'arisha dashibodi zinazouzwa kwenye taa za barabarani nyingi zina silikoni. Kuzipiga karibu na pedali kila wiki ni kuitafuta hitilafu hii.

Namna ya kuthibitisha. Rudisha gari nyuma karibu na ukuta wakati wa jioni, kanyaga breki mara 20 taratibu, ukitazama mwanga kwenye kioo. Kama taa zote tatu, pamoja na ile ya juu, zinapotea kwa pamoja mara moja moja, balbu si tatizo, maana balbu tatu haziungui kwa zamu na kupona. Angalia fyuzi ya taa za breki. Ikiwa nzima, chomoa soketi ya swichi, weka multimita kwenye ohm, bonyeza na uachie kile kijiti cha swichi mara nyingi. Kijiti kikiwa kimetoka nje (kama pedali ilivyokanyagwa) kipimo cha viunganishi vya taa kiwe karibu na 0. Kikiruka-ruka, swichi imekwisha.

Badilisha swichi, usiisafishe kwa spirei, kwa sababu spirei nyingi za kusafishia zina silikoni ileile. Ukifunga mpya, hakikisha taa zinazimika pedali ikiwa juu na zinawaka mapema tu unapoanza kuikanyaga. Ukikwama barabarani na gia haitoki P, kando ya mti wa gia kuna kifuniko kidogo; kibandue kwa bisibisi, bonyeza kilicho ndani huku umekanyaga breki, kisha uvute gia. Hiyo ni ya kukutoa njiani tu. Gari lisilo na taa za breki usiliingize barabara kuu usiku.

Pedali ya breki inakwenda chini

Angalia kopo la mafuta ya breki kwanza, halafu pedi na silinda za magurudumu kama gari lolote. Lakini kwa SH kuna mahali pa ziada: mabomba ya breki yanayopita chini ya gari karibu na tangi la mafuta. Mwaka 2014 Subaru iliita Marekani takriban magari 660,000, yakiwemo Forester za 2009 hadi 2013, kwa sababu maji yenye chumvi ya barabarani yaliweza kurukia mabomba hayo na kuyaozesha kwa kutu hadi yakavuja. Marekebisho yalikuwa kupaka kinga ya kutu, au kubadilisha bomba lililokwisha kuharibika.

Huku hatumwagi chumvi barabarani, lakini gari lako linaweza kuwa limetoka Hokkaido au mkoa mwingine wa theluji. Inua gari, mulika juu ya kinga ya tangi, pitisha kidole juu ya bomba. Rangi iliyovimba au magamba ya kahawia yanayobanduka maana yake bomba libadilishwe. Kulikata na kuliunganisha kwa mpira ni hatari. Shinikizo la breki ni kubwa mno kwa kiraka cha namna hiyo.

Dashibodi inawaka kama sherehe: injini, VDC, kruzi inamweka

Usishtuke na usinunue sensa ya ABS. Subaru imeundwa hivi: taa ya injini ikiwaka kwa sababu yoyote ya utoaji moshi au kukosa moto, kompyuta inazima VDC, kruzi (kishikilia mwendo) na kisaidizi cha mlima, na taa zao zote zinawaka. Tatizo ni moja, tena liko kwenye injini. Soma msimbo kwa skana ya OBD (kifaa cha kusoma misimbo ya kompyuta ya gari) na ushughulikie msimbo wa injini peke yake. Zingine zitazimika zenyewe.

P0301 hadi P0304 ni silinda isiyowaka. Silinda 1 na 3 ziko upande wa kulia wa gari, 2 na 4 kushoto, 1 na 2 zikiwa mbele. Hamisha koili kutoka silinda inayolalamika kwenda nyingine. Msimbo ukiihama pamoja nayo, koili ndiyo mbovu. P0011 na P0021 zinahusu mfumo wa kubadilisha taiming ya valvu, na unaendeshwa na shinikizo la oili. Kabla ya kununua solenoidi (valvu inayoendeshwa kwa umeme), vuta kijiti cha oili. Mara nyingi jibu liko pale.

Oili inapungua bila tone chini

Hapa FB ina jina baya, na si la bure. Nchini Marekani wenye magari walifungua kesi ya pamoja kuhusu Forester za lita 2.5 za 2011 hadi 2014 na modeli nyingine chache. Suluhu ya 2016 iliongeza dhamana ya ulaji wa oili hadi miaka 8 au maili 100,000. Chanzo kikuu kilichotajwa ni ringi za pistoni zinazoacha oili ipande na kuungua.

Hatari yenyewe ni kwamba injini hizi hazitoi moshi wa bluu wa kukutisha. Mtu anamwaga oili kila kilomita 10,000, hapimi katikati, na siku moja injini inaanza kugonga. Hapo beringi ya krenki imeshakauka, na injini inahitaji kufunguliwa yote.

Pima hivi. Egesha mahali palipo sawa, zima, subiri dakika 10, jaza mpaka alama ya F. Andika kilomita. Endesha kilomita 1,000 za kawaida, pima tena mahali palepale. Kutoka F hadi L ni takriban lita 1. Ikiwa umepoteza robo lita, ishi nayo kwa kupima kila wiki. Ikiwa ni nusu lita au zaidi, kagua kwanza vitu vya bei nafuu: valvu ya PCV (ya kutoa mvuke wa ndani ya injini) iliyoganda, uvujaji kwenye kifuniko cha cheni mbele ya injini na kwenye vifuniko vya valvu. Ukivikuta vizima, ringi ndizo. Hakuna dawa ya kumimina itakayozirudisha.

Injini ya FB inachukua takriban lita 4.8 pamoja na filta, na oili yake ni 0W-20 ya sinthetiki. Pale isipopatikana, kitabu kinaruhusu 5W-30, na kwa joto letu hilo ni chaguo linalovumilika. Usiruke hadi 20W-50: njia za mfumo wa taiming ni nyembamba, nayo ni nzito mno kwake gari linapowashwa likiwa baridi.

Joto linapanda, kulanti inapungua

Kwa EJ ya lita 2.5 yenye kamshafti moja kila upande, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi. Injini ya boksa imelaza pistoni, kwa hiyo ukingo wa chini wa gasketi muda wote umelowa oili na kulanti. Gasketi ya asili ya tabaka moja ilichoka na kuanza kutoa jasho la nje: kwanza oili, baadaye kulanti. Harufu tamu baada ya kuzima gari na unyevu chini ya kona za nyuma za injini ndizo dalili za mapema.

Lakini usifungue hedi kabla ya kuangalia mambo matatu. Kifuniko cha rejeta kilichochoka kinaacha kulanti ichemke mapema. Ukingo wa plastiki wa juu ya rejeta unapasuka kwa umri, na ufa unaonekana ukiipa mashine shinikizo. Na termostati: kwenye EJ iko chini, kwenye mlango wa pampu ya maji, na inafunguka kati ya nyuzi 76 na 80. Termostati za bei rahisi zenye umbo dogo zimeua injini nyingi. Nunua ya Subaru, au yenye umbo kubwa kama lake. Kuitoa kabisa, kama inavyofanywa sana huku, ni kosa. Injini inakosa udhibiti wa joto na tatizo halisi linafichwa.

Kisha thibitisha gasketi kwa kipimo cha gesi: kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta, kinachogeuka njano kikikutana na gesi ya moto wa injini. Mapovu yasiyokoma kwenye kopo la akiba wakati injini imeshapata moto ni ushahidi wa aina hiyohiyo. Ikithibitika, pande zote mbili zibadilishwe kwa wakati mmoja, kwa gasketi za chuma zenye tabaka nyingi. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma na filagesi (vipande vyembamba vya kupimia mwanya): ya 0.05 mm ikipita chini ya rula, hedi ikasawazishwe. Fundi anayesema ameitazama kwa macho hajapima.

Ukijaza upya, jaza taratibu na ufungue skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta, hita ikiwa kwenye joto kali. Boksa inashika hewa kwa urahisi, na injini nyingi huchemka siku mbili baada ya matengenezo mazuri kwa sababu ya hewa iliyobaki tu.

Mkanda wa taiming wa EJ, kwa ratiba ya Japani, ni wa kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Kwenye gari lililoingia bila kumbukumbu, uhesabu kama haujawahi kubadilishwa, na ubadilishe pamoja nao teshena, puli zote na pampu ya maji.

Mlio usio wa kawaida na injini kuzimika ghafla, magari ya 2012 na 2013

Mwaka 2018 Subaru iliita takriban magari 400,000 duniani, yakiwemo Impreza, BRZ, Toyota 86 na baadhi ya Forester, kwa springi za valvu zinazoweza kukatika. Kazi yake ni kubwa: injini inatolewa na mbele yake inafunguliwa. Ukikuta kwenye rekodi kwamba imefanyika, sikiliza injini kwa makini ikiwa ya moto. Marekani kulikuwa na malalamiko ya injini zilizoharibika baada ya marekebisho, kwa sababu gamu ya gasketi iliyozidi ilibanduka na kuziba njia za oili. Yeyote anayefunga kifuniko cha cheni cha FB au FA (injini ya BRZ na Toyota 86) apake gamu nyembamba tu.

Kwa zenye turbo, mambo mawili. Forester turbo za soko la Marekani za 2009 hadi 2013 ziliitwa 2016 kwa rilei ya pampu ya hewa ya ziada inayoweza kuganda, pampu ikazunguka bila kukoma hadi ikayeyuka. Ukisikia mlio mkali wa feni ndani ya boneti baada ya kuzima gari, toa betri hapohapo. Na kwa turbo za EJ zote: ndani ya bolti yenye tundu ya bomba la oili la turbo mna kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba, turbo linakufa kwa kiu. Kikaguliwe kila turbo linapobadilishwa, la sivyo jipya nalo litafuata.

Gia: mtetemo, kuzimika unaposimama, taa ya AT OIL TEMP inamweka

SJ nyingi zina CVT (gia otomatiki isiyo na hatua) ya Lineartronic. Dalili za kawaida ni mtetemo kati ya mwendo wa polepole na wa kati, au injini kuzimika unapofika kwenye mataa kana kwamba umesahau klachi. Hiyo ya pili hutokana na solenoidi ya kufunga toki konveta kuganda, na msimbo wa P2764 huambatana nayo. Subaru ya Marekani iliongeza dhamana ya CVT hadi miaka 10 au maili 100,000 kwa modeli kadhaa, zikiwemo Forester za 2014 na 2015. Kiwanda hakiongezi dhamana kwa kitu kisicho na tatizo.

Taa ya AT OIL TEMP ikimweka mara unapowasha gari, haina maana kwamba hidroliki ina joto; ni kompyuta ya gia inasema ina msimbo. Usome kwa skana inayofungua moduli ya gia, kwani skana ndogo za simu husoma injini tu. Ikiwa ni solenoidi, valvu bodi inatosha kubadilishwa bila kushusha gia boksi nzima.

Hidroliki yake ni ya CVT ya Subaru. ATF, yaani hidroliki ya gia otomatiki za kawaida, inaiua. Kumwaga na kujaza hutoa lita 4 hadi 5 tu, siyo yote. Kiwango chake hupimwa injini ikiwa inanguruma, gari limekaa sawa, hidroliki ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, kupitia plagi ya kufurikia. Fundi asiyepima joto anajaza pungufu au anazidisha, na yote mawili yanaleta mtetemo uleule uliokupeleka kwake.

Gari linajifunga kwenye kona kali

Unaegesha, unakata usukani wote, gari linaruka-ruka kama limeshika breki. Pima matairi kwanza. Subaru inataka mizunguko ya matairi manne isitofautiane zaidi ya mm 6. Zungushia kila tairi futi ya fundi cherehani na uandike. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika linaifanyisha klachi ya nyuma kazi muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka, mpaka iungue.

Matairi yakiwa sawa, kwenye SG ya gia 4 otomatiki tumia soketi ya fyuzi iliyoandikwa FWD ndani ya boneti. Chomeka fyuzi ya ampea 15, taa ya FWD iwake. Rudia kona. Kuruka kukiisha, klachi na solenoidi zinatii. Badilisha hidroliki kisha endelea kukagua upande wa umeme. Kukibaki, klachi ya nyuma imechakaa au solenoidi imeganda, na zote zinafikiwa kwa kufungua mkia wa gia boksi peke yake. Na Forester iliyoharibika isivutwe magurudumu mawili yakiwa chini. Yote manne yapande juu ya lori.

Mvumo wa nyuma unaokua na mwendo kwenye SG karibu kila mara ni beringi ya gurudumu la nyuma. Kama nyuma ya SG imelala, kagua kama ina shokapu za kujiinua zenyewe. Ni ghali sana. Wengi hubadili kwenda shokapu za kawaida, na hilo linafaa, ila springi lazima zibadilishwe pamoja nazo, kwa sababu springi za mfumo ule ni laini na zitalala tena hata ukiweka shokapu mpya.